Mchoro, Jina na Kifaa: Historia ya Kunakili Ufundi Arusha na Arumeru

Akheri ni kata ya Wilaya ya Arumeru iliyo kwenye miteremko ya Mlima Meru, jirani na soko la Tengeru na barabara kuu ya Arusha hadi Moshi, na katika ukanda huo mfupi kati ya Tengeru na mjini zimekusanyika taasisi za ufundi kwa wingi usio wa kawaida: Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko upande wa Tengeru, ilhali Chuo cha Ufundi Arusha, Kituo cha Zana za Kilimo na Teknolojia Vijijini (CAMARTEC) na Taasisi ya Uhandisi na Usanifu Mitambo (TEMDO) ziko upande wa Arusha. Historia ya taasisi hizo, ikisomwa pamoja na ile ya mafundi redio na wachomeleaji wa mitaani, ni kwa sehemu kubwa historia ya kunakili, kwa maana ya kukichukua kifaa kilichobuniwa na mwingine, kukifungua, kuelewa mpangilio wake na kukitengeneza upya kwa vipuri vinavyopatikana. Swali la nani anamiliki mpangilio huo, ambalo leo linawagombanisha wauzaji wa seti za elektroniki za kujifunzia katika nchi nyingi, lilikuwapo katika ukanda huu muda mrefu kabla ya seti hizo kufika.

Sheria inalijibu swali hilo kwa kuligawa mafungu. Hakimiliki hulinda kazi iliyoandikwa, kuchorwa au kurekodiwa, na huanza pale kazi inapokamilika bila kuhitaji usajili. Hataza ni haki ya muda inayotolewa na serikali kwa mvumbuzi wa kitu kipya, kwa sharti kwamba aueleze uvumbuzi wake hadharani. Alama ya biashara hulinda jina au nembo inayomwezesha mnunuzi kutambua bidhaa imetoka kwa nani. Seti ya elektroniki, yaani kifurushi chenye bodi, vipuri na karatasi ya maelekezo ambacho mnunuzi hukiunganisha mwenyewe, inagusa mafungu yote matatu kwa wakati mmoja, na ndiyo maana ugomvi juu yake huwa mgumu: karatasi ni ya hakimiliki, jina lililo kwenye boksi ni la alama ya biashara, na saketi yenyewe, ambayo ndiyo roho ya kifaa, mara nyingi haimo katika fungu lolote, kwa kuwa saketi nyingi za kujifunzia ni za zamani na hakuna awezaye kudai kwamba amezivumbua.

Seti za kwanza kufika Arusha hazikuwa za wanafunzi, bali za kiwanda. Mwezi Aprili 1964, katika makubaliano yaliyofikiwa Kampala ili kupunguza tofauti ya viwanda kati ya Kenya, Uganda na Tanganyika, uunganishaji wa redio ulikuwa miongoni mwa shughuli zilizotengwa kwa ajili ya Tanganyika, pamoja na matairi ya magari. Kenya haikuyaridhia makubaliano hayo, lakini wazo la kuipa Tanzania redio lilibaki, na kampuni ya Philips ya Uholanzi ikawa na kiwanda cha kuunganisha redio mjini Arusha. Kazi ya kiwanda cha namna hiyo ni kupokea vipuri vilivyofungashwa kutoka nje, kuvipachika kwenye bodi, kuvilehemu, kisha kurekebisha koili moja moja hadi redio ishike masafa yake sawasawa. Wafanyakazi waliofanya kazi hiyo walijifunza mpangilio wa redio kwa mikono, na maarifa ya mikono hayafungiki ndani ya geti la kiwanda. Yeyote aliyekwisha kuunganisha redio za aina moja kwa miezi kadhaa aliweza kukaa mtaani akazitengeneza zilizoharibika, na aliyeweza kuzitengeneza hakuwa mbali na kuweza kuunda kipaza sauti chake kwa mpangilio uleule.

Namna fundi alivyonakili saketi inastahili kuangaliwa kwa karibu, maana humo ndimo unamoonekana utaalamu ambao neno kunakili peke yake linauficha. Bodi ya redio ya transista ina njia za shaba upande mmoja na vipuri upande wa pili, hivyo fundi huiinua mbele ya mwanga hadi njia zionekane kupitia bodi, akafuata kila njia kutoka betri hadi spika, akaichora kwenye karatasi, kisha akasoma rangi za mistari iliyo kwenye kila rezista ili kujua kiasi cha ukinzani wake. Transista ya asili isipopatikana, hutafuta nyingine inayokaribiana nayo kwa nguvu na kwa mpangilio wa miguu, na hapo hulazimika kubadilisha rezista moja au mbili ili mkondo wa umeme usizidi. Nakala inayotokana na kazi hiyo si sawasawa na redio ya kwanza, na katika miaka ya 1970 na 1980, wakati fedha za kigeni zilipokuwa adimu na spea kutoka nje zikikosekana madukani, ilikuwa kazi ya lazima, kwani bila hiyo redio nyingi zingebaki mapambo ya kabati.

Sheria ya wakati huo haikuwa na la kusema juu ya kazi hiyo. Chini ya utaratibu uliorithiwa kutoka utawala wa Waingereza, hataza iliyotambuliwa Tanganyika ilikuwa ile iliyokwisha kutolewa Uingereza na kusajiliwa upya nchini, utaratibu uliomfaa mwenye kampuni ya London na kumwacha nje fundi wa Arusha, ambaye hata kama angevumbua kitu angelazimika kuanzia ng'ambo. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1966 ilihusu zaidi vitabu, muziki na michoro. Sheria ya alama za biashara na huduma ilitungwa mwaka 1986 na ile ya hataza mwaka 1987. Ya hataza inatoa ulinzi wa miaka 10 unaoweza kuongezwa mara mbili kwa miaka 5, na sheria ya kisasa ya hakimiliki ikafuata mwaka 1999. Kwa maneno mengine, kizazi kizima cha mafundi kilijifunza kazi, kikafungua karakana na kufundisha vijana kabla nchi haijawa na sheria yake ya uvumbuzi.

Zaidi ya hapo, serikali yenyewe ilikuwa mnakili mkubwa kuliko wote, na ilifanya hivyo waziwazi. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kujitegemea kulikuwa sera, na kujitegemea katika zana kulimaanisha kuchukua jembe, mkokoteni, pampu au mashine ya kupukuchua mahindi kutoka popote, kuijaribu, kuipunguzia gharama na kutoa michoro kwa mafundi wa vijijini. Kazi hiyo ilifanywa Arusha na kitengo cha kupima zana za kilimo kilichojulikana kama TAMTU, halafu na mradi wa teknolojia sadifu wa Arusha, na vyote viwili vikaunganishwa kuwa CAMARTEC kwa sheria ya mwaka 1981. TEMDO ilikuwa imeanzishwa kwa sheria ya mwaka uliotangulia ili kusanifu mitambo ya viwandani. Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo (SIDO), lililoundwa mwaka 1973, lilileta utaratibu mwingine kwa ushirikiano na Uswidi, ambapo kampuni ya Uswidi ilikabidhi michoro, mashine na mafunzo kwa kiwanda kidogo cha Kitanzania, na mitaa ya viwanda ya Arusha na Moshi ilikuwa kati ya sehemu za mwanzo kunufaika. Tofauti kati ya njia hizi mbili ni ya maana: katika ile ya Uswidi mwenye mchoro alijulikana na aliutoa kwa mkataba, wakati katika ile ya CAMARTEC mchoro ulihesabiwa kuwa mali ya umma tangu ulipotoka mezani.

Mfano bora wa njia hii ya pili, na pengine uvumbuzi wa Arusha uliosafiri mbali kuliko wowote, ni mashine ya mkono ya kukamua alizeti. Mradi wa mashine za mafuta za vijijini, uliofadhiliwa na shirika la Kimarekani la Appropriate Technology International na kuendeshwa Arusha kwa ushirikiano na Walutheri, ulianza na kikamulio kizito kilichohitaji mbegu ziondolewe maganda, zipepetwe, zisagwe na kupashwa moto kabla ya kukamuliwa, kazi ambayo ilihitaji kikundi kizima na mtaji ambao wanakijiji wengi hawakuwa nao. Mwaka 1985 mhandisi Carl Bielenberg alibuni mashine rahisi zaidi: mtu anavuta wenzo mrefu, wenzo unarudisha nyuma chuma cha mviringo ili mbegu zidondoke kutoka kwenye faneli, kisha wenzo unaposhushwa chuma kinaziba tundu la faneli na kuzisukuma mbegu ndani ya tyubu yenye nafasi nyembamba, mafuta yanapenya na kudondoka chini, na mashudu yanatokea mbele kupitia koni inayokazwa au kulegezwa kwa skrubu. Alizeti aina ya Record, yenye ganda jembamba na mafuta mengi, iliweza kukamuliwa namna hiyo bila maandalizi yote yale, na familia moja ikaweza kuendesha biashara ambayo mwanzoni ilihitaji kikundi.

Michoro ya mashine hiyo ilisambazwa badala ya kufungiwa, na ikanakiliwa Zimbabwe, Zambia, Msumbiji na kwingineko. Nchini Kenya shirika la ApproTEC, lililoanzishwa mwaka 1991, liliiboresha na kuiuza kwa jina la Mafuta Mali. Hapo ndipo lilipojitokeza tatizo ambalo sheria ya hataza isingelitatua hata kama ingetumika. Mashine hii inaonekana rahisi kwa macho, lakini uhai wake uko katika ugumu wa chuma cha kusukumia na katika nafasi ndogo iliyoachwa kati yake na tyubu. Fundi aliyeinakili kwa chuma laini cha chakavu alitoa mashine iliyofanana kabisa na ile ya kwanza, ikakamua vizuri msimu mmoja, kisha ikalika na kuanza kurudisha mbegu nyuma. Mnunuzi aliyepata hasara hakuilaumu karakana, aliilaumu mashine. ApproTEC ililikabili jambo hilo kwa kutengeneza mashine zake kwa vipimo vya pamoja na kuziuza kwa jina moja linalotambulika, maana yake ilitafuta ulinzi katika jina na ubora, na kwa maoni ya makala hii hilo lilikuwa jibu sahihi, kwa sababu mkulima alihitaji kujua mashine ipi itadumu, na hakuwa na haja ya kujua nani alikuwa wa kwanza kuichora.

Mtambo wa gesi ya samadi wa CAMARTEC una hadithi fupi inayofanana. Kuanzia mwaka 1983, kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, wataalamu wa Arusha waliusanifu upya mtambo wa kuba unaojengwa kwa matofali chini ya ardhi, wakiazima misingi iliyokwisha kujulikana Uchina na kuifanyia marekebisho ili kuba lisipate nyufa, na maelezo yake kamili yakachapishwa kama kitabu mwaka 1991. Ujenzi huo ulienea katika mashamba ya ng'ombe wa maziwa na migomba ya Arumeru na Kilimanjaro, ukavuka mpaka na kuwa msingi wa muundo unaotumika Kenya.

Chuo cha Ufundi Arusha, kilichofunguliwa mwaka 1978 kwa msaada wa Ujerumani Magharibi, kiliingiza katika mazingira haya mafunzo rasmi ya umeme na elektroniki, na kwa njia hiyo utamaduni wa seti za kujifunzia ulioanzia kwingine ulikutana na utamaduni wa fundi redio. Seti hizo zilipata umaarufu Marekani baada ya Vita vya Pili vya Dunia, wakati kampuni ya Heath iliponunua vipuri vya ziada vya jeshi na mwaka 1947 ikaanza kuuza kifaa cha kupimia mawimbi ya umeme ambacho mnunuzi alikiunganisha mwenyewe. Sifa yake kubwa ilikuwa kitabu cha maelekezo kilichomwongoza asiyejua kitu hatua kwa hatua, waya baada ya waya. Mshindani aliyetaka kuuza kifaa cha namna hiyohiyo aliweza kununua vipuri vilevile na kutumia saketi ileile, lakini alilazimika kuandika kitabu chake mwenyewe, na mpaka huo haukuwekwa kwa bahati: mwaka 1879 Mahakama ya Juu ya Marekani, katika shauri la Baker dhidi ya Selden lililohusu kitabu cha utunzaji hesabu, iliamua kwamba mwandishi anamiliki maelezo yake na hamiliki mfumo anaoueleza. Kanuni hiyo leo imo katika mkataba wa Shirika la Biashara Duniani kuhusu miliki bunifu, unaosema kwamba hakimiliki hulinda namna jambo lilivyoelezwa na haigusi wazo, utaratibu wala njia ya utendaji.

Uingereza, ambayo fikra zake za kisheria zimeathiri mahakama za Afrika Mashariki, ilisitasita zaidi. Kwa miaka mingi mahakama zake zilishikilia kwamba anayenakili chombo anaweza kuwa amenakili mchoro kilichotengenezewa, hata kama hajawahi kuuona mchoro huo, na kanuni hiyo ilifikishwa ukingoni mwaka 1986 katika shauri la British Leyland dhidi ya Armstrong, ambapo mtengenezaji wa magari alitaka kumzuia mtengenezaji wa spea kunakili ekzosi. Majaji walikubali kwamba mchoro ulikuwa na hakimiliki, lakini wakasema mwenye gari ana haki ya kulitengeneza bila kuwa mateka wa aliyemuuzia, na mtengenezaji hawezi kuitumia hakimiliki kuiua haki hiyo. Miaka miwili baadaye sheria mpya ya Uingereza ikapunguza zaidi nguvu ya michoro ya aina hiyo. Kwa mji kama Arusha, ambao magari yake, pampu zake na redio zake zimeishi kwa spea za kunakili, ni vigumu kuona uamuzi mwingine wa kigeni unaoigusa zaidi riziki ya watu wake.

Awamu ya sasa ilianza na bodi ndogo ya Kiitalia. Arduino, iliyobuniwa mjini Ivrea mwaka 2005 ili wanafunzi wa usanifu waweze kuendesha taa, mota na vihisi kwa kompyuta, ilitolewa pamoja na michoro yake yote na ruhusa ya kuinakili, ila jina halikutolewa. Nakala kutoka Shenzhen zilishusha bei kiasi kwamba sehemu kubwa ya bodi zinazotumiwa na wanafunzi wa Afrika Mashariki si za Italia, na jicho lenye uzoefu huzitambua mara moja: karibu na tundu la waya wa kompyuta, pale bodi halisi ya Uno inapokuwa na chipu ya ATmega16U2, nakala huwa na chipu ya Kichina ya CH340, ambayo hufanya kazi ileile ya kutafsiri mawasiliano lakini huhitaji programu nyingine iwekwe kwanza kwenye kompyuta. Bodi kama hiyo ikiuzwa kwa jina lake haina kosa lolote. Ikichapishwa jina la Arduino huwa bidhaa bandia.

Waasisi wenyewe hawakusalimika na ugomvi. Bodi na programu zao zilikuwa zimejengwa juu ya Wiring, kazi ya shahada ya Hernando Barragán, mwanafunzi kutoka Kolombia katika chuo hichohicho cha Ivrea, ambaye mwaka 2016 alichapisha maelezo marefu ya namna mchango wake ulivyowekwa pembeni, na wakati huohuo kampuni mbili, moja ya waasisi na nyingine iliyotokana na kiwanda kilichotengeneza bodi, zilikuwa zikipigania jina Arduino hadi zilipopatana Oktoba 2016. Ugomvi wote ule wa kampuni ulihusu jina, kwa kuwa kingine chote kilikwisha kutolewa bure. Mwaka 2014 kampuni ya chipu ya Uskoti, FTDI, ilijaribu njia ya mkato, ikasambaza programu iliyozifanya chipu zilizonakiliwa kutoka kwa zake zisitambulike tena na kompyuta, na walioumia hawakuwa walionakili bali wanafunzi na mafundi walionunua bodi bila kujua kilichomo. Kitendo hicho kilistahili lawama zote kilizopata, na kampuni ikalazimika kuiondoa programu hiyo.

Mpangilio wa ndani wa chipu, tofauti na saketi ya bodi, una haki yake maalumu katika mkataba wa Shirika la Biashara Duniani, lakini nchi zilizo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni, Tanzania ikiwemo, zimepewa muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kulazimika kutekeleza sehemu kubwa ya mkataba huo. Mkataba wenyewe unataja wazi kwamba muda huo ni wa kuziwezesha nchi hizo kujenga msingi wa teknolojia, na historia ya Arusha inaonyesha msingi huo hujengwa kwa kufungua vifaa na kuvinakili.

Si kila mvumbuzi wa ukanda huu alichagua uwazi. Maji ya miteremko ya Meru yana floraidi nyingi inayoharibu meno na mifupa, na njia mbili za kuiondoa zimekua karibu na Akheri kwa falsafa tofauti. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kiliendeleza matumizi ya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, njia ambayo maelezo yake yako wazi na inaweza kurudiwa na kijiji chochote chenye tanuri. Dkt. Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alibuni chujio linalounganisha mchanga na chembechembe za nano zinazopangwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali husika, akashinda mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya uvumbuzi wa kihandisi itolewayo na Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza, na chujio likajulikana kwa jina lake la biashara, Nanofilter. Ndoo na mchanga wake vinaweza kunakiliwa na yeyote, lakini mchanganyiko wa chembechembe hauonekani kwa macho, kwa hiyo kinachomlinda mbunifu ni siri na jina pamoja.

Kwa muuzaji wa seti za elektroniki hakuna siri ya namna hiyo, kwani kila kipuri kiko wazi mbele ya mnunuzi, na kilicho chake hasa ni maelekezo. Katika shule za Tanzania, ambako mtaala ulioboreshwa umeanza kurudisha mafunzo ya amali, karatasi inayoeleza kwa Kiswahili sanifu namna ya kulehemu bila kuunguza transista, kwa picha zilizopigwa mezani na mwalimu mwenyewe, ndiyo sehemu ya seti isiyoweza kununuliwa Shenzhen, na ndiyo inayopigwa fotokopi kwanza. Hakimiliki yake ipo tangu inapoandikwa na hudumu miaka 50 baada ya kufa mwandishi, na Ofisi ya Hakimiliki Tanzania hupokea usajili wa kazi kama hiyo kwa ajili ya ushahidi. Wanamuziki wamekwisha kuonyesha kwamba haki hiyo ina meno: mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru kampuni ya simu iwalipe Mwana FA na AY zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa kutumia nyimbo zao kama milio ya simu bila ridhaa. Mwandishi wa maelekezo ya seti anasimama juu ya sheria ileile, na mwenzake anayeuza saketi ileile kwa karatasi aliyoiandika mwenyewe hana anachodaiwa.